Kwa nini kifutu anaozesha nyama na koboko anakata pumzi? Naandaa mwongozo, wa Tabora na Kigoma karibuni

Mizinga_Sikonge

Wakuu, habari za jioni. Naandaa mwongozo wa ukurasa mmoja kuhusu kung'atwa na nyoka, ubandikwe kwenye maghala ya vyama vya msingi na zahanati za huku Sikonge. Mvua zinaanza, warina asali wanahamia kambini porini, na kuni za mabani (mabanda ya kukaushia tumbaku) zimeshapangwa. Kwenye kuni kuna panya, na kwenye panya kuna nyoka.

Miongozo niliyonayo inaishia kwenye "mkimbize mgonjwa hospitali". Mkulima akiuliza kwa nini asifunge kamba au asichanje kwa wembe, karatasi haina jibu, na mtu asiyeambiwa sababu atafanya yaleyale aliyofanya babu yake. Nataka niielewe sumu yenyewe kwanza, ndipo niandike.

Maswali yangu ni haya. Sumu ya nyoka ilitokana na nini hasa, na imekuwaje ya kifutu iozeshe mguu lakini ya koboko ifunge pumzi bila hata kidonda cha maana? Je, ni kweli mtoto wa nyoka ni hatari kuliko mkubwa? Zahanati isiyo na mashine inaweza kupima nini? Na mtu akiambiwa "dawa ya nyoka ipo", atajuaje kama ni ya nyoka wa kwetu?

Naomba majibu yenye nyama, simulizi za vijiweni ninazo za kutosha.

---

Tezi_na_Chonge

Mkuu Mizinga, nianze na asili, maana huduma ya kwanza na matibabu yote yanatoka hapo.

Sumu ya nyoka si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa protini nyingi, na karibu kila protini ina ndugu yake asiye na madhara ndani ya mwili wa kawaida wa mnyama. Mara nyingine jeni hujinakili kwa bahati, mwili ukabaki na nakala mbili. Moja inaendelea na kazi ya zamani, nyingine iko huru kubadilika. Nakala hiyo ya pili ikianza kutengenezwa kwenye tezi za kinywani, na ikamsaidia nyoka kuangusha mawindo, inabaki kwenye ukoo na kujinakili tena. Baada ya mamilioni ya miaka unapata familia nzima za sumu zilizotokana na kifaa kimoja cha nyumbani.

Chukua fosfolipase A2. Kwenye kongosho lako kuna kimeng'enya cha kundi hili kinachosaidia kumeng'enya mafuta ya chakula. Jamii ya swila na koboko walitengeneza sumu kutokana na aina iliyo karibu na hiyo ya kongosho. Jamii ya kifutu wakatumia aina nyingine, ile inayohusika na uvimbe wa mwili unapopambana na jeraha. Kuta za seli nazo zimejengwa kwa mafuta ya namna hiyo, kwa hiyo kimeng'enya kikimiminwa kwenye msuli kinatoboa seli moja baada ya nyingine.

Kwa kifutu kuna silaha nyingine kubwa, metaloproteinase. Hizi zina zinki katikati na zilitokana na protini za mwili za kundi liitwalo ADAM. Kazi yake ni kukata utando unaoshikilia kuta za mishipa midogo ya damu. Mshipa ukivuja, maji ya damu yanahamia kwenye nyama. Mguu unajaa, malengelenge yenye damu yanatokea, presha inashuka kwa sababu maji ya mwili yamekwama mguuni, na nyama iliyokosa damu inakufa. Huko ndiko "kuoza" kunakotoka. Hakuna wadudu walioingia, angalau si mwanzoni.

Koboko anawinda mchana, anafukuza pimbi, ndege na kindi. Ndege aliyeng'atwa akiruka mita hamsini amepotea, kwa hiyo sumu yake inalenga neva. Zipo protini zenye umbo la vidole vitatu zinazoziba mahali ambapo msuli hupokea amri ya neva. Zipo dendrotoksini, zinazofanya neva zimwage amri ovyo. Zipo na fasikulini, zinazozuia kimeng'enya cha kufuta amri iliyokwisha kutumika. Ndiyo maana mtu aliyeng'atwa na koboko unaweza kumwona kwanza misuli inachezacheza, mate na jasho vinamtoka, halafu kope zinalegea, kisha kifua kinachoka. Kwenye alama ya meno huenda usione kitu.

Kifutu haendi kokote. Analala kwenye majani makavu akisubiri, na ana subira ya ajabu, hata huutoa ulimi nje na kuuchezesha kama mdudu ili chura asogee. Mwaka 2015 ulitoka utafiti ulioonyesha kuwa mbwa na nguchiro waliofunzwa kunusa nyoka walishindwa kumgundua kifutu kwa harufu. Kwa hiyo anayemtegemea mbwa wake atangulie njiani ajue hilo. Panya aliyepigwa na kifutu huachiwa akimbie, nyoka anamfuata baadaye. Kwa nyoka mmoja wa Marekani wa jamii hiyohiyo imeonekana kuwa protini za sumu ziitwazo disintegrini ndizo zinazompa panya harufu ya kumtofautisha na panya wengine.

Sasa angalizo ambalo ningekuomba uliandike kwa herufi kubwa: swila wetu mtema mate ni wa jamii moja na koboko, lakini sumu yake inaozesha nyama. Protini zake za vidole vitatu nyingi zimegeuka kuwa za kutoboa seli badala ya kuziba neva. Ukoo hautoshi kukuambia atafanya nini. Dalili za mgonjwa ndizo zitakazokuambia.

Kuhusu mtoto wa nyoka, hapana. Kifutu mkubwa anaweza kutoa sumu ya miligramu 100 hadi 350 ikipimwa kavu. Mtoto wake ana tezi ndogo, hafiki huko. Maneno kwamba mtoto "hajui kubana sumu" hayana msingi wa maana. Tatizo la watoto wa kifutu ni wingi wao, mama anazaa 20 hadi 40 kwa mkupuo, wote na chonge tayari.

---

TabibuWaZamu

Namshukuru Tezi, kanirahisishia kazi. Nachukua upande wa mgonjwa.

Kamba kwanza. Sumu ya kifutu na ya swila mtema mate inaua nyama pale ilipo. Ukifunga kamba umeifungia sehemu ndogo, halafu umekata na damu. Mguu ambao ungepona unaishia kukatwa. Kuchanja ni hatari zaidi kwa sababu damu ya huyu mtu huenda imepoteza uwezo wa kuganda, na wewe unamfungulia bomba. Kunyonya hakutoi kiasi chochote cha maana, chonge zimeshapeleka sumu ndani ya nyama. Mafuta ya taa, shoti ya betri ya pikipiki, barafu, vyote viache.

Mgonjwa akifika kwako tayari kafungwa kamba tangu jana, usiikate hapohapo mapokezi kwa huruma. Weka dripu kwanza, antivenomu (dawa ya kuzima sumu ya nyoka) kama ipo iwe mkononi, adrenalini imeshavutwa kwenye bomba la sindano, mfuko wa kupumulishia uko kando. Ndipo ulegeze polepole. Sumu iliyozuiliwa huweza kuingia mwilini kwa mkupuo, na mgonjwa aliyekuwa anaongea akaacha kupumua mbele yako.

Cha kufanya kijijini: mtoe eneo la nyoka, mlaze, avue pete, bangili, shanga na viatu kabla uvimbe haujafika. Funga kiungo kwenye banzi kama mtu aliyevunjika, kisitikisike, maana misuli inayofanya kazi ndiyo inayosukuma sumu. Andika saa aliyong'atwa, hata kwa kalamu kwenye mkono wake. Usimpe pombe. Akitapika au akilegea, alazwe kwa ubavu wa kushoto. Kama usafiri ni boda, akae katikati, mtu mwingine nyuma amshike, maana akilegea njiani ataanguka na dereva hatajua.

Nyoka msimfuate. Asiyeuawa msimtafute, aliyeuawa msimshike kwa mkono, kichwa kilichokatwa bado kinaweza kung'ata. Picha ya simu kutoka mbali inatosha, na isipokuwepo bado tutatibu.

Kituoni, chora kwa kalamu mwisho wa uvimbe na uandike saa, rudia kila nusu saa au saa. Kisha kagua neva, na hili halihitaji umeme. Mwambie atazame juu bila kuinua kichwa: kope zikibaki nusu jicho, anza kuhofia. Mwambie aonyeshe meno, ameze mate, ainue kichwa kutoka kwenye mto, ahesabu kwa pumzi moja. Aliyefika ishirini mwanzoni na sasa anaishia nane anaelekea kushindwa kupumua. Huyo atakufa kwa kukosa hewa, na hewa unaweza kumpa kwa mfuko na barakoa, kwa saa kadhaa ikibidi, mkipokezana, ndani ya gari mpaka hospitali ya Kitete, Tabora. Zungumza naye wakati unambonyezea. Aliyepooza hivi anaweza kuwa anasikia kila neno, hata kama hawezi kufungua macho.

Antivenomu haitolewi kwa kila aliyeng'atwa. Wapo walioumwa bila sumu kuingia kabisa, na dawa yenyewe ina hatari ya mzio. Itoe kukiwa na dalili za neva, damu isiyoganda au inayotoka yenyewe kwenye fizi, puani au kwenye mkojo, presha iliyoshuka, uvimbe unaopanda kwa kasi au uliovuka nusu ya kiungo. Kidole kilichong'atwa na kifutu au swila mtema mate nacho kihesabu humo, kidole hakina nafasi ya kuvimbia.

Hutolewa kwa mshipa, si kwa kuchoma kwenye msuli wala kuzungushia kidonda. Changanya kwenye maji ya chumvi ya dripu, mtu mzima mililita 250 hadi 500, mtoto mililita 5 kwa kilo, iende kwa dakika 30 hadi 60, anza polepole. Idadi ya chupa inategemea aina ya dawa, soma karatasi yake. Mtoto anapata kipimo kilekile cha mtu mzima, kwa sababu nyoka hakumpunguzia sumu. Kinachopungua ni maji ya kuchanganyia tu.

Kipimo cha ngozi cha kujaribu mzio hakitabiri kitu, kinapoteza muda. Badala yake kaa na mgonjwa. Mzio mkali huja mara nyingi kati ya dakika 10 na saa 3. Akianza kuwashwa, kukohoa, kutapika au presha kushuka, simamisha dripu, mpe adrenalini ya 1:1000 kwenye msuli wa paja kwa nje, mtu mzima mililita 0.5, mtoto mililita 0.01 kwa kilo. Akitulia, endelea na dawa polepole.

Maumivu: parasetamoli, yakizidi dawa za kundi la mofini kwa uangalifu kama hana dalili za neva. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini weka mbali, zinaharibu kuganda kwa damu. Sindano za msuli zisizo za lazima subirisha, hata ya pepopunda isubiri mpaka damu igande.

Na kwa wapasuaji: mguu uliovimba kwa kifutu unaonekana kama unahitaji kuchanwa ili kupunguza shinikizo, lakini mara nyingi shinikizo la ndani ya msuli likipimwa halijafika huko. Ukimchana mtu ambaye damu haigandi, umemuua wewe.

---

Maabara_Kaliua

Swali la kipimo: kipimo cha kuganda damu kwa dakika 20. Vifaa ni tyubu ya kioo na saa.

Vuta mililita 2 za damu kutoka kwenye mshipa wa mkono usioumwa, usiende shingoni wala kinenani, kwa damu isiyoganda utashindwa kuzuia. Weka kwenye tyubu ya kioo, mpya, kavu, safi, isiyo na dawa yoyote ndani. Iache wima mezani kwa dakika 20 bila kuigusa. Iinamishe mara moja tu. Ikiwa damu yote bado inamwagika kama maji, haigandi.

Kinachoharibu kipimo hiki ni tyubu. Plastiki haifai, kwa sababu ni kugusana na kioo ndiko kunakoamsha kuganda. Kioo kilichooshwa kwa sabuni pia hakifai, mabaki ya sabuni huzuia hali hiyohiyo, nawe utaandika "haigandi" kwa mtu mzima wa afya. Kuna wanaosuuza chupa za sindano na kuzitumia tena: waache. Njia ya kujilinda ni kuweka tyubu ya pili ya kundi lilelile, yenye damu ya mtu mzima wa afya aliyekubali kutoa, mfano ndugu aliyemleta. Ya ndugu isipoganda, tatizo ni tyubu zako.

Kosa la pili ni kuitikisa kila dakika mbili kuangalia. Weka saa, ondoka.

Rudia saa 6 baada ya antivenomu. Muda huo haukuchaguliwa ovyo, ini linahitaji takribani saa hizo kutengeneza upya protini za kugandisha. Ukirudia baada ya saa 2 utaona bado haigandi, utamwaga chupa nyingine bure.

Damu kuganda vizuri hakumwondolei mgonjwa hatari. Wa koboko damu yake itaganda huku anakata roho. Hata wa kifutu aliyevimba mpaka nyonga anaweza kuganda vizuri. Ambaye kipimo hiki kinamfichua hasa ni yule nyoka wa mitini mwenye macho makubwa (boomslang), dume kijani, jike hudhurungi. Watu wanamdharau kwa sababu chonge zake ziko nyuma na alama ni ndogo. Sumu yake inaamsha mashine ya kugandisha mpaka malighafi yote inaisha, na damu inaweza kuanza kutoka siku ya pili, mgonjwa amesharuhusiwa. Ndiye aliyemuua Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Chicago, mwaka 1957. Alikuwa anaandika dalili zake mwenyewe kwenye daftari, na aliamini mtoto wa nyoka yule asingemletea kitu kikubwa.

---

Mwambao_Kigoma

Wa Tabora mmesahau kuwa huku kwetu kuna maji. Ziwa Tanganyika lina swila wa majini, anakula samaki, anazama na kukaa chini muda mrefu kwenye miamba. Si mkorofi, lakini hunasa kwenye nyavu, na mvuvi anayetoa samaki gizani kwa kupapasa anaweza kumshika. Sumu yake ni ya neva. Hapo hakuna uvimbe wa kukushtua, unaangalia kope, kama Tabibu alivyosema. Kwenye michikichi na misitu ya kuelekea Gombe yuko swila wa msituni, mkubwa, mweusi unaong'aa. Naye ni wa neva.

Tabibu ametaja banzi tu, na ipo miongozo inayosema bandeji ya kubana haifai kabisa. Mimi sikubaliani nayo. Kwa nyoka wa neva, kuviringisha bandeji pana ya elastiki kuanzia vidoleni hadi juu ya kiungo, kwa mkazo wa kufunga kifundo kilichoteguka, pamoja na banzi, kunachelewesha sumu kupita kwenye njia za limfu. Mtu wa kijiji cha mwambao, mwendo wa boti wa saa tatu mpaka hospitali ya Maweni, hizo saa ni uhai.

Halafu macho. Swila mtema mate anarusha sumu mita mbili na zaidi, na analenga uso. Ni tabia iliyozuka mara tatu tofauti kwenye ukoo wa swila: Afrika, Asia, na kwa nyoka mmoja wa kusini mwa Afrika. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa mara zote tatu sumu ilibadilika kwa njia moja: fosfolipase A2 inazipa nguvu zile protini za kutoboa seli, na kwa pamoja zinachoma neva za maumivu. Yaani ni sumu iliyonolewa kwa ajili ya kuumiza adui, siyo kuua panya.

Tiba ni maji, mengi, mara moja, dakika 15 hadi 30, kope zikiwa zimefunuliwa kwa vidole, atabana macho kwa maumivu na maji yatapita juu tu. Maji yakikosekana, maziwa. Usisugue. Antivenomu haiwekwi jichoni. Kituoni akaguliwe kioo cha jicho kama kimechubuka, apewe dawa ya antibayotiki ya macho. Aliyetemewa usoni tu, bila kung'atwa na bila kidonda, hahitaji antivenomu.

---

TabibuWaZamu

Mwambao, kwa swila wa majini, wa msituni na koboko tuko pamoja. Ila karatasi ya Mizinga inakwenda Sikonge, na huko aliyekanyaga nyoka usiku kwenye njia ya bani amekanyaga kifutu mara nyingi zaidi kuliko koboko. Bandeji ya kubana kwenye mguu wa kifutu inarudisha hatari ya kamba. Na bila bandeji ya elastiki watu watatumia khanga, na khanga ikivutwa kwa hofu ni kamba pana tu.

Ningeandika hivi: nyoka hajulikani, au mahali panavimba na kuuma, banzi bila kubana. Aliyeonekana wazi ni koboko au swila wa maji, mahali hapavimbi, na kuna mtu aliyefunzwa, bandeji iwekwe na isifunguliwe njiani.

---

Mwambao_Kigoma

Sawa, hiyo naikubali. Mtengeneze karatasi mbili basi, ya pori na ya ziwa.

---

Famasia_ya_Kata

Swali la "dawa ya nyoka ipo". Geuza boksi usome majina ya kisayansi ya nyoka waliotumika kuitengeneza. Antivenomu hupatikana kwa kumchoma farasi sumu kidogo kidogo mpaka damu yake itengeneze kingamwili, na kingamwili hizo zinatambua umbo la protini za sumu aliyochomwa. Albert Calmette alipoanza kutengeneza dawa hii miaka ya 1890 alidhani ya swila wa Asia ingefaa kwa nyoka wengi. Vital Brazil, kule São Paulo, ndiye aliyeonyesha kuwa haifai kwa nyoka wa kwao.

Kwa ukanda wetu unatafuta Bitis arietans, yaani kifutu, Dendroaspis polylepis, koboko, na Naja nigricollis, swila mtema mate, au swila mwingine wa Afrika anayetema. Ukiona orodha ni Naja naja, Bungarus caeruleus, Daboia russelii na Echis carinatus, hiyo imetengenezwa kwa nyoka wa India. Huwa na bei nafuu, na chupa inafanana na nyingine zote. Kwa nyoka wa miti wa macho makubwa, dawa za mchanganyiko hazifai, ana yake peke yake inayotengenezwa Afrika Kusini, kwa hiyo kwa mgonjwa huyo rufaa ianze mapema.

Uhifadhi: ya maji inakaa nyuzi 2 hadi 8, na isigande. Iliyoganda kwenye friji mbovu, au iliyofanya ukungu, haitumiki. Ya unga uliokaushwa huvumilia joto la kawaida, nyingi mpaka nyuzi 25 au 30 kulingana na lebo, na kwa kata zenye umeme wa kukatika ndiyo ningeagiza. Unapoichanganya zungusha chupa taratibu. Ukiitikisa inatoa povu na protini zinaharibika.

---

Mizinga_Sikonge

Nashukuru sana wakuu. Nimebakiza moja ambalo lazima wataniuliza: Bayeye, wale washika nyoka wa jadi, na chanjo zao, na lile jiwe jeusi la kubandika kwenye kidonda. Siwezi kwenda Unyamwezini nikawaambia wazee wote ni waongo.

---

Tezi_na_Chonge

Wala usiwaambie hivyo. Bayeye ni wajuzi wa kushika nyoka, na mtu anayemtambua kifutu kwa jicho kwenye majani ana thamani kubwa kwenye kikundi chako. Washirikishe kwenye kutambua na kuhamisha nyoka.

Kuhusu chanjo: sumu ikiingizwa mwilini kidogo kidogo, mwili unaweza kweli kutengeneza kingamwili, ndivyo farasi anavyofanya. Ila farasi anafanyiwa kwa vipimo na kwa miezi. Kwa mtu, kiasi hakijulikani, kinga hupungua, ya swila haikufichi na kifutu, na wingi wa sumu ya kung'atwa kweli unaweza kuizidi kinga yote uliyojenga. Kibaya zaidi, mwili unaweza kujifunza mzio badala ya kinga, na siku ya kung'atwa mtu akafa kwa mzio kabla sumu haijafanya kazi.

Wenye kinga ya kuzaliwa wapo, ila wameipata kwa uteuzi wa vizazi. Nguchiro na nyegere wana kipokezi cha msuli kilichobadilika umbo: cha nguchiro kimebandikwa sukari, cha nyegere kimewekewa asidi amino yenye chaji, na sumu ya swila haishiki vizuri. Swila mwenyewe ana kinga ya namna hiyo dhidi ya sumu yake. Mawindo yakipata kinga, nyoka naye anabadilika, ndiyo maana sumu haitulii. Na isipohitajika inafifia. Nyoka wa baharini anayekula mayai ya samaki amebaki na sumu iliyoharibika jeni.

Jiwe jeusi ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Lina vitundu, linanata kwenye kidonda kibichi kwa kuvuta maji, hivyo linaonekana linafanya kazi. Majaribio hayakuonyesha kuwa linatoa sumu. Mtu akitaka kulibandika huku amekwisha panda boda kuelekea kituoni, usigombane naye. Gombana na anayesema asubiri mpaka lidondoke.

Kama unataka kitu cha kuwavutia wazee, waambie habari ya kaptopril. Wengi wanaohudhuria kliniki ya presha wanaijua kwa jina. Ilibuniwa kutokana na sumu ya nyoka wa Brazili ambaye mawindo yake hushuka presha ghafla, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1981. Eptifibatide na tirofiban za wagonjwa wa moyo nazo zimetokana na protini za nyoka. Kwa koboko zimepatikana protini, mambaljini, zilizotuliza maumivu kwa panya wa maabara. Upande wa tiba, ile zinki niliyoitaja kwenye metaloproteinase imekuwa mlango: unithiol, dawa ya zamani ya kunasa madini mwilini, inajaribiwa kwa kuinyang'anya sumu zinki yake. Varespladib inajaribiwa dhidi ya fosfolipase A2. Zote ni za kumeza, kwa hiyo siku zikithibitishwa zitaanzia kijijini kabla ya dripu. Kwa sasa hazijathibitishwa kwa kung'atwa na nyoka, usiziandike kwenye karatasi.

---

TabibuWaZamu

Ongeza mstari mmoja wa mwisho kwenye karatasi, unasahaulika kila mahali. Aliyeng'atwa na hana dalili alazwe angalau saa 24, asirudishwe nyumbani kwa sababu "kidonda ni kidogo". Na aliyepewa antivenomu aambiwe kwamba homa, viungo kuuma na vipele vikitokea kuanzia siku ya tano hadi wiki ya pili, ni mwili unakataa protini za farasi. Si sumu iliyobaki wala si kurogwa. Arudi kituoni, apewe prednisoloni kwa siku tano.